Kwa wadogo zangu mnaoanza kusoma uchumi wa Wagiriki wa kale

Kabla hamjafungua kitabu chochote, chukueni karatasi mwandike vipimo vya fedha zao: oboli 6 ni drakma 1, drakma 100 ni mina 1, mina 60 ni talanta 1. Karirini mpaka iwatoke bila kufikiri. Kisha ongezeni kipimo kimoja cha maisha: mwishoni mwa karne ya 5 KK, fundi wa ujenzi Athens alilipwa kama drakma 1 kwa siku. Mkikutana na talanta, basi, msiwaze ile ya mahubiri ya Jumapili. Wazeni siku 6,000 za jasho la fundi. Nimeona wanafunzi hodari wakihangaika muhula mzima kwa sababu hesabu hizi kwao zilibaki sauti tupu. Na drakma yenyewe si mgeni kwetu. Ndiyo iliyopita kwa Waarabu ikawa dirhamu.

Neno benki nalo litawapotosha msipokuwa waangalifu. Wao walisema trapeza, yaani meza. Mwenye meza alikaa sokoni au bandarini Piraeus akibadilisha sarafu, maana miji mingi ilikuwa na sarafu zake, akipokea amana na kukopesha. Ondoeni kichwani jengo lenye madirisha ya kioo na walinzi. Wekeni meza, mizani, daftari na mtu anayeaminika. Mara nyingi mtu huyo alikuwa mtumwa, au mtumwa aliyeachwa huru. Pasion, mashuhuri kuliko wote, alianza kama mtumwa wa wenye meza wawili, akapewa uhuru, kazi ikaja mikononi mwake, akautolea mji ngao 1,000, na mwishowe akafanywa raia wa Athens.

Ushauri wangu mkubwa ni huu: anzeni na kesi moja, si na nadharia. Karibu yote tunayojua juu ya meza hizi yametoka katika hotuba za mahakamani za karne ya 4 KK. Chukueni ile ya Lykon. Huyu alikuwa mfanyabiashara wa Heraclea, mji wa Kigiriki pwani ya Bahari Nyeusi. Alipokuwa anajiandaa kusafiri kwenda Libya, alifunga hesabu na Pasion mbele ya mashahidi, akaacha mina 16 na drakma 40 zilipwe mshirika wake Kephisiades, ambaye wakati huo alikuwa safarini. Lykon hakurudi. Maharamia waliivamia meli yake, akapigwa mshale, akafa. Akatokea Mwathene mmoja, Kallippos, mwakilishi wa maslahi ya watu wa Heraclea, akataka fedha zile. Akaonyeshwa daftari. Limeandikwa: Kephisiades. Baadaye Kephisiades alipofika akalipwa, na Kallippos akafungua kesi.

Ndani ya kesi hiyo msemaji anaeleza, kwa kupita tu, jinsi wenye meza walivyoandika. Kwanza jina la mweka amana na kiasi, kisha pembeni jina la atakayelipwa. Kama sura yake inajulikana, jina lilitosha. Kama haijulikani, waliandika pia jina la mtu atakayekuja kumtambulisha. Nilipolisoma hilo mara ya kwanza nilisimama nikatembea chumbani. Hakuna hundi, hakuna kitambulisho, lakini fedha za marehemu zimemfikia aliyekusudiwa.

Nikampenda Pasion. Kisha nikasoma hotuba nyingine, iliyoandikwa na Isocrates, mwandishi wa hotuba wa Athens, ambamo kijana kutoka ufalme wa Bosporus, kule Bahari Nyeusi, anamshtaki Pasion huyohuyo kwa kula amana yake na kuikana. Hukumu ya kesi hiyo haikuhifadhiwa. Hapo ndipo nilipojifunza kugawa daftari langu safu mbili. Safu ya kwanza naandika kile msemaji anachotaka waamuzi waamini. Ya pili, kile anachotaja njiani kwa sababu kila aliyekaa pale alikijua tayari. Safu ya kwanza isomeni kwa tahadhari, maana mnasikia upande mmoja. Ya pili ndiyo hazina. Mtu anaweza kumsingizia mwenzake wizi, ila hawezi kuwadanganya waamuzi mamia juu ya namna daftari linavyoandikwa, ilhali baadhi yao wameweka fedha zao kwenye meza hizohizo.

Kwenye mikopo ya baharini nilifanya kosa ambalo nisingependa mlirudie. Upo mkataba wa katikati ya karne hiyo: drakma 3,000 za safari ya kutoka Athens kupitia Mende, mji wa kaskazini mwa Ugiriki, kuchukua mitungi 3,000 ya divai, hadi Bosporus na kurudi. Riba ni 225 kwa kila 1,000. Niliandika insha nzima nikiilinganisha asilimia 22.5 hiyo na ile ya nchi kavu, ambayo kwa kawaida ilikuwa drakma 1 kwa mina kila mwezi, yaani asilimia 12 kwa mwaka. Nikahitimisha kwamba wakopeshaji walikuwa wanyonyaji. Sikuona kwamba riba ya bahari ni ya safari, si ya mwaka, na kwamba meli ikizama mkopeshaji anapoteza yote, mtaji na riba. Ndani ya riba ile kuna bima. Ndiyo maana mkataba unasema wakichelewa kuondoka Bahari Nyeusi mpaka nyota Arcturus ichomoze, katikati ya Septemba, riba inapanda hadi 300 kwa 1,000. Aliyekulia pwani akisikia wazee wakihesabu kusi na kaskazi ataielewa ibara hiyo upesi kuliko aliyesoma fedha tu.

Msiache pia mawe. Sheria ya mwaka 375/374 KK iliyochongwa juu ya jiwe na kufukuliwa sokoni Athens inamweka mtumwa wa umma kati ya meza kukagua fedha. Sarafu bandia aikate palepale. Asipokaa kazini, viboko 50.

Mkishazoea hayo, rudini kwa Pasion na mjaribu hesabu hii. Alipofariki, mwaka 370 KK au karibu na hapo, meza na karakana ya ngao zilibaki mikononi mwa Phormion, naye mtumwa wake wa zamani, kwa kodi ya talanta 2 na mina 40 kwa mwaka. Mina 100 ni za meza, 60 za karakana. Wana wawili walipogawana, mkubwa, Apollodoros, alikuwa na haki ya kuchagua. Akachukua karakana. Tafuteni sababu katika hotuba ya kumtetea Phormion: karakana ni mali isiyo na hatari, lakini mapato ya meza yanatoka kwenye fedha za watu wengine.