Maswali ya Wasomaji: Kupanda Tramu za Kale Crich

Swali: Ndugu Mhariri, likizo hii nampeleka baba mkwe na wanangu wawili kwenye makumbusho ya tramu (magari ya umeme yapitayo kwenye reli za barabarani) ya Crich, Derbyshire. Baba anatumia kiti cha magurudumu. Je, ataweza kupanda? Na ile peni ya zamani wanayotoa mlangoni ni ya nini?
– Mama Neema, Nottingham

Jibu: Ataweza, ila si tramu yoyote. Nyingi zina vidato virefu na milango myembamba. Ombeni ile iliyotoka Berlin, namba 3006 ya mwaka 1969, iliyofungwa lifti ya kiti cha magurudumu. Semeni mapokezini mara tu mnapoingia ili waipange. Angalieni pia reli za barabarani: mfereji wake humeza gurudumu dogo la mbele la kiti. Zivukeni kwa kuzikata moja kwa moja, msipite mshazari. Njooni kwa gari, kwani kutoka stesheni ya treni ya Whatstandwell ni mlima mtupu.

Peni ndiyo nauli. Ni sarafu ya kabla Uingereza haijabadili fedha zake mwaka 1971. Mkubwa hupewa peni, mtoto nusu peni. Mpeni konda, naye atawapa tiketi ya kupandia siku nzima, kwa hiyo msiitupe. Waacheni watoto walipe wenyewe, watafurahi mno! Njia ni kama kilomita 1.6. Nendeni kwanza hadi mwisho, Glory Mine, na mbebe makoti, maana kule juu pana upepo.

Swali: Tukiwa katikati ya safari taa zilizimika, tramu ikasimama, konda akashuka na mti mrefu. Palikuwa na hatari?
– Msomaji, Leicester

Jibu: Mkono wa juu ya paa la tramu ulichomoka kwenye waya wa umeme unaopita juu ya njia. Umeme wa volti 600 huingia kwa mkono huo, hupita kwenye mota, kisha hurudi kwa njia ya reli. Mkono ukichomoka, mota na taa hufa papo hapo, lakini breki anayoikaza dereva kwa mkono wake haihitaji umeme, ndiyo maana aliweza kusimama. Na lazima asimame upesi: mkono una springi kali zinazousukuma juu, na tramu ikiendelea kubingirika unaweza kunasa nyaya zinazouning'iniza waya huo na kuzikata. Mara nyingi huchomoka pale waya unapogawanyika, hasa tramu ikipita kwa kasi. Abiria abaki ameketi, asichungulie nje, mpaka konda aurudishe mkono kwa ule mti na taa ziwake.

Sababu nyingine ya kuchomoka ni mkono kuelekea mbele. Siku zote unapaswa kuburutwa nyuma ya tramu. Ukisukumwa mbele hujikita kwenye waya. Ndiyo maana tramu ikifika Glory Mine konda huuzungusha hadi upande wa pili. Kutazama ruksa, ila simameni mbali naye, kwani anatembea macho yakiwa juu kwenye waya.