Kabla ya kununua dikoda ya sauti, isikilize kwanza mota

Wiki hii nimeandikiwa na msomaji aliyeko Doha. Amenunua injini ya treni ndogo, V60 ya kipimo cha H0 (yaani ndogo mara 87 kuliko ya kweli), akaifunga dikoda ya sauti, kile kibao cha elektroniki kinachoendesha mota na kutoa mngurumo, iliyomgharimu karibu sawa na injini yenyewe, na bado ikianza kuondoka inashtuka, inasita, inashtuka tena. "Kaka, nimeambiwa dikoda ni mbovu nitafute nyingine. Wewe wasemaje?" Nasema usitafute. Nakujibu hapa mbele ya wote kwa sababu najua mko wengi mnaotaka treni itambae sebuleni kama treni ya kweli, na kwa sababu swali lako limenigusa panapouma.

Nilipojiunga na chama cha treni ndogo katika mji ninaoishi hapa Ujerumani, nilikwenda na V60 yangu. Ni injini fupi ya kupanga mabehewa, ekseli tatu zilizounganishwa kwa vyuma vya pembeni, na kwa ufupi wake inapata umeme kwa shida kila ipitapo kwenye makutano ya reli. Siku ya maonyesho, mbele ya wageni, mzee mmoja wa chama aliinyanyua kwa vidole viwili, akaiweka mezani, akasema reli ya chama si mahali pa kujifunzia. Watu wakacheka. Mimi niliyekulia Voi, baba yangu mfanyakazi wa reli hadi alipostaafu, niliyelala utotoni nikisikia mabehewa yakigongana stesheni, naambiwa treni siijui! Sikumjibu. Lakini maneno yale sijayasahau, na sioni kwa nini niseme nimeyasahau.

Mwezi uliopita V60 ileile ilipanga mabehewa kwenye reli ileile tangu asubuhi hadi milango ilipofungwa. Ilikwenda kwa mwendo wa mtu anayetembea, yaani sentimita moja na nusu hivi kwa sekunde ukipunguza kwa kipimo cha 1:87, na haikusita hata mara moja. Mzee yule alikuja akasimama kimya kitambo, kisha akauliza ni dikoda gani. Nikamwambia: ya kawaida, haina sauti. Hakuamini mpaka nilipofungua bodi akaiona. Nilifurahi, tena nilifurahi sana.

Sasa sikilizeni jinsi dikoda inavyofanya kazi, maana bila hilo mtazungusha namba za mipangilio yake gizani. Katika DCC, mfumo wa kuendesha treni ndogo kwa amri za kidijitali, ambao Bernd Lenz wa Giessen aliutengeneza mwishoni mwa miaka ya 1980 na NMRA, chama cha treni ndogo cha Marekani, kikaufanya kiwango cha wote miaka ya 1990, reli ina umeme kamili muda wote. Dikoda iliyo ndani ya injini ndiyo inayoukata umeme huo vipande vipande na kuulisha mota. Dikoda za sasa hukata mara 20,000 au zaidi kwa sekunde, ndiyo maana mota hainung'uniki. Kila mara inaacha kulisha kwa nukta fupi mno na kupima umeme ambao mota yenyewe inauzalisha kwa kuzunguka. Ukiwa mdogo, dikoda inajua injini imelemewa, inaongeza. Ukiwa mkubwa, inapunguza.

Hapo ndipo shida ya ndugu yetu wa Doha inapokaa, nina hakika karibu yote. Kipimo kile kikichafuka, dikoda inadanganywa, inaongeza pasipohitajika, injini inaruka. Na kinachokichafua mara nyingi ni vitu vya senti: brashi za mota zilizolika, gia yenye grisi iliyokauka, au kapasita ndogo waliyoifunga kiwandani katikati ya nyaya za mota kuzuia kelele kwenye redio. Katika V60 yangu ilikuwa hiyo kapasita. Niliikata, na nusu ya kushtuka ikaisha kabla sijagusa namba yoyote. Wajuzi wote wa chama walikuwa wameitazama injini ile, hakuna aliyeifungua.

Kwa hiyo anza na injini. Safisha magurudumu kwa spiriti, hakikisha kila kijichuma cha kuchukulia umeme kinagusa gurudumu lake, weka tone moja la mafuta penye ekseli. Kama injini inaweza kutembea kwa umeme wa kawaida wa volti 12, itembeze hivyo kwanza, nusu saa mbele na nusu saa nyuma. Isipotembea vizuri hapo, hakuna dikoda duniani itakayoiponya.

Kuchagua ni rahisi kuliko watu wanavyotaka uamini. Shika magurudumu yasizunguke kwa nukta chache huku umeme wa volti 12 ukipita, soma ampea kwenye mita. Dikoda yako iweze kubeba kiasi hicho. Mota nyingi za H0 za sasa hazifiki ampea 1. Angalia plagi ya dikoda iliyo ndani ya injini, maana kila aina ina jina lake: pini 8 ni NEM 652, na nyingine mtakazokutana nazo ni PluX22, 21MTC na Next18 kwa injini ndogo. Baada ya hapo nunua ya kampuni inayoandika kitabu cha maelezo kinachoeleweka. Mimi napenda Zimo wa Vienna kwa mota sumbufu, na ESU wa Neu-Ulm kwa mtu mwenye haraka. Sauti ni mapambo. Dikoda yenye sauti ni karibu mara tatu ya bei ya isiyo nayo, na injini inayoruka huku ikinguruma inasikitisha zaidi kuliko inayoruka kimya.

Kwenye kurekebisha ndipo wengi wanapokata tamaa, na ndipo ninapowasihi msikate. Namba za mipangilio ya dikoda huitwa CV, na zinazoamua ni chache. CV2 ni umeme wa kuanzia: ipandishe moja moja mpaka hatua ya kwanza ya kasi iisogeze injini kwa shida. CV5 ni kasi ya juu. V60 ya kweli ilikwenda kilomita 60 kwa saa, kwa hiyo kwenye H0 mita moja ichukue zaidi kidogo ya sekunde 5. Pima kwa saa, shusha CV5 mpaka ifike hapo. Tumia hatua 128 za kasi, si 28. CV3 na CV4, za kuchukua mwendo na kusimama, ziache sifuri mpaka mwisho, maana zinaficha makosa.

Kwa ESU andika CV54 iwe 0, weka injini kwenye reli ndefu iliyonyooka, bonyeza kitufe cha F1 cha kuendeshea: itafyatuka kwa kasi kamili sekunde moja na nusu hivi huku ikijipima yenyewe. Kwa Zimo kazi ni ya mkono, na ndiyo ninayoipenda. CV56 ianze na 11. Iendeshe polepole, izuie kidogo kwa kidole. Ikichelewa kujibu zaidi ya nusu sekunde, pandisha tarakimu ya mwisho: 12, 13, 14. Kisha ile ya makumi, mpaka ianze kutetemeka, halafu rudi hatua moja. Programu ya bure ya DecoderPro, kutoka mradi wa JMRI ulioanzishwa na Bob Jacobsen, itawahifadhia namba zote. Heshimuni kazi hiyo: mwaka 2008 kesi yake katika mahakama ya rufaa Marekani ilithibitisha kwamba masharti ya leseni za programu huria yanalindwa na sheria ya hakimiliki.

Ndugu zangu, msikubali kuuziwa kitu kingine kila mnapokwama. Anayekwambia badilisha dikoda, mwulize kwanza kama ameifungua injini. Na anayekucheka, mwache acheke. Wewe kaa na bisibisi yako. Uvumilivu wa jioni nyingi mezani hauuzwi dukani, na anayekuambia vinginevyo anataka pesa yako.

Mimi sasa nimeingia kwenye injini ya mvuke, Garratt ya daraja la 59, zile 34 zilizoundwa na Beyer Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956, zikavuta mizigo Mombasa hadi Nairobi na kupita Voi. Reli yake ina upana wa mita moja, kwa hiyo naijenga kwa H0m, yaani reli ndogo ya upana wa milimita 12. Hii yangu ndogo ina mota mbili, moja kila upande wa bwela. Kwa atakayejaribu: tumia dikoda mbili za aina moja, zipe anwani moja, na rekebisha kila mota peke yake hadi zilingane mwendo kabla hujaziunganisha. La sivyo kila moja itajitahidi kuirekebisha nyingine, na magurudumu yatateleza.