Pwani haina mlango

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Sisi huku Mombasa hatujambo, goti langu la kushoto ndilo lenye jambo, na mvua ya mwaka imekaribia.

Umeniuliza swali fupi nami nimekaa nalo siku nne. Umesema: "Mama, wewe ulishafika Cancún, kule Mexico, na dada. Tunataka kuwapeleka watoto Julai. Tuchukue hoteli ya kila kitu ndani, au tukodi nyumba mjini?" Dadako angelijibu hilo kwa simu huku anakaanga vitunguu. Mimi siwezi. Utanistahimilia nikizunguka, wanijua.

Kwanza mwezi, maana hapo sina ubishi na mtu. Sisi tulikwenda Julai 2018, na kitu cha kwanza nilichokiona asubuhi ni mwani. Si huu wetu unaotupwa na kusi ukakauka juani kama makumbi. Ule ni wa kahawia, una vipovu kama shanga, unaelea baharini bila kushika mwamba. Wenyewe wanauita sargazo, na huko Karibi umeanza kuja kwa wingi tangu 2011. Ukioza wanuka yai viza. Maji niliyoonyeshwa kwenye picha, ya feruzi, niliyakuta kama chai ya mkandaa. Vijana wa hoteli walikuwa na reki na matoroli tangu alfajiri, wanazoa, na kila wakimaliza upande mmoja bahari inawaletea mwingine. Niliwaonea huruma kuliko nilivyojionea mimi.

Basi mwani ni Aprili mpaka Agosti, mwaka mmoja mwingi, mwaka mwingine haba. Tufani ni Juni mpaka Novemba, na mbaya zaidi ni Septemba na Oktoba. Hesabu yetu ya kusi na kaskazi huko haikufai kitu. Shule ya watoto ikikuruhusu, nenda Januari, ingawa utakutana na ule upepo wao wa baridi wanaouita norte, siku mbili tatu kisha unapita. Ikiwa ni lazima Julai, angalia ramani vizuri. Ule ukanda wa mahoteli umekaa kama tarakimu 7, mchanga mwembamba wa kilomita 20 na zaidi, nyuma yake ziwa la Nichupté, mbele yake bahari. Mkono wa juu wa ile 7 unatazama kaskazini, maji yake yametulia, mtoto anaweza kukaa ndani mpaka vidole vikakunjana. Mguu mrefu unatazama mashariki, bahari ya wazi, ndiko mwani unakotua na ndiko bendera nyekundu zinakopandishwa. Bendera nyekundu si pambo. Usiniletee mambo yako ya kujua kuogelea, ulijifunzia Tudor Creek, si bahari ile.

Sasa hoteli.

Mwanangu, mimi mashuka ya hoteli nimeyafua na kuyatandika miaka 22. Ada yako ya shule yote, kuanzia nasari, ilitoka kwenye mashuka yale. Kwa hivyo mtu asinione nasema vibaya hoteli, nitakuwa mwizi wa fadhila. Ile ya Cancún tuliyofikia na dadako ilikuwa ya kila kitu ndani: unafungwa bangili ya plastiki mkononi, basi unakula na kunywa mpaka unasahau kama kuna pesa duniani. Nilifurahi, sitakudanganya. Siku mbili za mwanzo sikutoka getini. Nilikula papai na embe, nikalala, nikaamka, nikala tena. Mwanamke aliyepikia watu maisha yake yote, akapikiwa siku mbili, ana haki hiyo au hana?

Siku ya tatu ndipo nikakutana na yule mama wa vyumba.

Unajua mimi nikishaswali alfajiri siwezi kuacha kitanda ovyo. Nikakitandika, kona zikanyooka, shuka la juu likavutwa mpaka ungedondosha shilingi ikaruka. Yule mama akaingia na kigari chake. Akasimama. Akaenda kwenye kona ya kitanda, akaigusa kwa kidole, akanitazama. Akasema neno moja tu, "¿hotel?", akaninyooshea mkono. Nikaitikia kwa kichwa, nikamwonyesha vidole viwili na viwili tena, miaka 22. Basi tulicheka hivyo mpaka dadako akatoka bafuni na mswaki mdomoni. Dadako Kihispania chake ni cha wagonjwa wa Houston, "inauma wapi" na "vuta pumzi", lakini kilitutosha. Mama yule akachukua taulo akanifundisha kutengeneza nyani wa kutundika mlangoni. Mimi nikamfundisha ndovu wangu, yule mwenye masikio ya taulo la uso. Hakumjua! Miaka yote hiyo, hakumjua ndovu. Nilijiona profesa.

Yeye ndiye aliyetueleza tufani ya Wilma, Oktoba 2005. Haikupita, ilikaa juu yao zaidi ya siku nzima, na ilipoondoka iliondoka na mchanga. Mahoteli yakabaki yanatazama mwamba. Serikali ikaleta meli kufyonza mchanga chini ya bahari na kuumwaga ufukweni, ukaliwa tena na mawimbi, ikabidi urudiwe miaka michache baadaye. Fikiri, mji unaonunua pwani yake mwenyewe. Lakini mji wenyewe ni wa kununuliwa tangu mwanzo. Kabla ya 1970 pale palikuwa na shamba la minazi na wavuvi wa jirani, kisha Benki Kuu ya Mexico ikapapendekeza pawe mji wa watalii. Hoteli za kwanza zikafunguliwa 1974, na leo kuna watu karibu laki tisa. Wengi wao wanaishi upande wa bara, mbali na ile 7, na kila alfajiri wanapanda basi la R-1 au R-2 kuja kutandika vitanda. Kama sisi na matatu za Mtwapa, tofauti yao wanapanda wapiga gitaa wakaimba kutoka kituo hiki mpaka kile.

Nami sasa nimefika ninapokwepa kufika, na nadhani ushajua.

Wakumbuka Idi ya mwaka 1997? Ulikuwa na miaka sita, kanzu mpya, kopo lako la Kimbo la kuchotea mchanga. Tulikuwa Pirates, ule ufukwe wa umma, watu wamejaa kama dagaa, babako akasema maji yamekupwa, tutembee. Tukatembea, wewe na dadako mbele, mpaka tukatokea mbele ya hoteli yangu. Hoteli yangu, nasema, kwa sababu ndivyo nilivyokuwa nikiiita. Ukakaa chini ukaanza kuchimba. Akaja askari. Akatujua. Kila Jumatatu ananifungulia geti la nyuma, ananiita dadangu, chai yangu ameinywa. Akasema kwa upole kabisa: "Mama, leo huna zamu. Wageni hawapendi." Kisha akainama akaliokota kopo lako la Kimbo, akalipangusa mchanga, akakurudishia kwa mikono miwili.

Angenitukana ningalishasahau. Ni ile mikono miwili.

Babako, Mungu amrehemu, hakusema neno. Alikunja suruali yake mara nyingine, akakushika mkono, tukarudi. Njia nzima nilikuwa nikimsubiri aseme kitu, nikimkasirikia yeye badala ya mwingine. Jumatatu nikaenda kazini nikasalimiwa "dadangu", nikaitika.

Pwani haina mlango, mwanangu. Nimelisema hili tangu siku ile, mnalijua, mnanicheka. Katiba ya 2010 ilipokuja ikaandika kwamba ardhi iliyo baina ya maji kujaa na maji kupwa ni ya umma, nikamsomea babako kwa sauti. Akasema, "Haya, lakini askari kaisoma?"

Turudi Cancún. Siku ya nne nimekaa kwenye kiti cha hoteli, bangili mkononi. Pakatokea familia ya mjini, mama, baba, watoto watatu na bibi mwenye sanduku la barafu, wamekuja kwa miguu ufukweni. Wakatandika kitambaa chao mbele yetu. Nikamwona askari anateremka. Moyo ukaniruka. Dadako alidhani nimeshikwa na jua. Nilimwangalia askari yule kama ninayesubiri hukumu, tena hukumu yangu. Akawafikia, akazungumza nao, akanyoosha mkono kwenye viti. Kumbe anawaambia viti ni vya wageni wa hoteli. Mchanga hakuutaja. Wakabaki. Dadako akaniambia kule fukwe zote ni mali ya taifa, hoteli inamiliki jengo tu. Na mwaka 2020 nimesikia wameongeza faini kwa anayezuia watu kupita.

Utadhani nilifurahi. Nilikasirika, wallahi. Nilikasirika kwa miaka 21 yote. Kisha nikajitazama: ni nani aliyekaa kwenye kiti hapa? Nani mgeni ambaye labda "hapendi"? Nikainuka nikaenda kukaa mchangani karibu na yule bibi. Alinipa embe lililokatwa, limemwagiwa pilipili, chumvi na ndimu, vile vile kama la pale Makadara nje ya shule yenu. Hatukuelewana neno. Tulikula tu.

Baadaye tulipanda R-1 mpaka mjini, tukala mahindi ya kuchoma kwenye bustani ya Las Palapas, tukavuka kwa boti kutoka Puerto Juárez kwenda Isla Mujeres, kama dakika 20, na pwani ya kaskazini ya kisiwa kile haikuwa na mwani hata ukoka mmoja. Hapo nilikula samaki wa tikin xic, amepakwa viungo vyekundu akabanikwa kwenye jani la mgomba, na nikanywa dafu nikamwambia dadako hili ni la kwetu. Akacheka. Basi msomaji wenu wa familia, mjombako, ananiambia minazi ya upande ule asili yake ni bahari yetu hii, ilipelekwa na Wareno, hao hao wa Fort Jesus. Mcheke sasa. Chichén Itzá, yale magofu ya Wamaya, ni mbali, kilomita 200, jua kali, na ile piramidi hairuhusiwi kupandwa. Nilikaa chini ya mti. Wewe nenda.

Mwambie mkeo aulize habari ya manteca, ni mafuta ya nguruwe na yanaingia hata kwenye maharagwe. Cochinita ni nyama ya nguruwe, msiiguse. Na bakshishi muiache kila siku juu ya mto, msingoje ya mwisho, kwani anayesafisha Jumanne siye wa Ijumaa. Iwe noti, peso ikiwezekana. Sarafu za Kimarekani benki hazizibadilishi, nazo zinabaki kwenye kopo la mtu bure.

Najua bado wangoja hoteli au nyumba. Mtu mwenye watoto wawili wadogo na mke aliyechoka, nani nimnyime kupikiwa? Mimi mwenyewe nilikula siku mbili bila kutoka. Na usipokaa hotelini, yule mama atatandika kitanda cha nani? Lakini nikifikiria wajukuu wangu wamefungwa bangili, wanajua bahari ni kitu kinachokuja na chumba... Hapana, sisemi. Mke ni wako na pesa ni zako. Sisemi. Ila Jumapili moja, popote mtakapokuwa, wapeleke ufukwe wa Playa Delfines, kilomita ya 18 ya ule ukanda wa mahoteli, hauna hoteli mbele yake, na watu wa mjini wanakuja na masufuria. Msiingie majini bila kuangalia bendera.

Dadako anakuja mwezi ujao, nitampa leso mbili. Moja ya mkeo. Ya pili ni ya yule mama wa vyumba, ghorofa ya tatu, dadako anayo picha yake, labda bado yupo. Kama hamkufikia hoteli ile msihangaike na geti, watawauliza bangili. Pitieni ufukweni.

Mimi mamako.