Barua kwa mwanangu: sindano ya mgongo na wakati wa kusukuma

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Ujumbe wako niliupata jana baada ya magharibi, nikausoma, nikaurudia. Wataka kujua kama ukiwekewa epidurali, ile ganzi ya mgongoni, utaweza kumsukuma mtoto. Na wauliza: ukifika wakati wa kusukuma, dawa iachwe iendelee au izimwe, kama alivyozimiwa mwenzako wa kazini huko Nairobi, uchungu ukamrudia wote asiujue umetoka wapi. Wasema pia shangazi ya mumeo amekwambia kwamba aliyetiwa ganzi hasukumi, mwisho wake ni kisu, na kwamba uchungu wa uzazi ni thawabu usiukimbie. Nakujibu kama mamako na kama mkunga, maana kazi hiyo ndiyo iliyokusomesha.

Utaweza kusukuma. Na dawa isizimwe kwa sababu tu umefika sentimita 10, yaani njia ya mtoto imefunguka kamili. Ikiwa pana sababu ya kuipunguza, mwenye kuipunguza akwambie ni sababu gani, nawe uikubali au uikatae.

Shangazi hakuitunga hofu yake. Zamani dawa iliyopitishwa kwenye mpira mwembamba uachwao mgongoni ilikuwa kali, bupivakeini ya asilimia 0.25 na kupanda, na mwanamke alilala pale miguu haimtii, akiambiwa sukuma hajui nguvu azielekeze wapi. Wengi walimaliza kwa mtoto kuvutwa kwa koleo. Siku hizi dawa hiyo hutiwa nyepesi, asilimia 0.1 au chini ya hapo, ikachanganywa na fentanili kidogo, dawa nyingine ya kutuliza maumivu. Uchungu hushuka sana, lakini miguu waweza kuikunja, na kichwa cha mtoto kikishuka wakisikia kinavyogandamiza huku nyuma, kama mtu aliyebanwa na haja kubwa. Huo mgandamizo ndio tunaoutaka ubaki. Mwaka 2018 Cochrane, ambao kazi yao ni kukusanya majaribio ya tiba na kuyapima pamoja, walitazama majaribio 40 yenye wanawake zaidi ya 11,000. Epidurali haikuongeza kupasuliwa. Kuvutwa mtoto kwa koleo au vakyumu kuliongezeka katika majaribio ya zamani, lakini walipoyatazama peke yake yale yaliyofanywa baada ya 2005, ongezeko hilo halikuonekana. Ni kweli kwamba kusukuma huchukua muda mrefu kidogo. Huo muda ukubali. Mtoto akiwa mpigo wa moyo wake ni mzuri, hakuna anayekukimbiza, na kwa uzazi wa kwanza Shirika la Afya Duniani lasema kwamba kuanzia njia kufunguka kamili hadi mtoto kutoka, kwa kawaida huwa ndani ya saa 3.

Sasa hili la kuzima, maana ndilo limekukosesha usingizi. Mazoea hayo yapo katika wodi nyingi, na anayeyafanya hana nia mbaya. Anaamini mama akisikia uchungu atasukuma vizuri zaidi. Lakini jambo hilo limepimwa. Cochrane hao hao walilitazama mwaka 2004, majaribio matano, wanawake 462. Kuzima dawa mwishoni hakukuonekana kupunguza kuvutwa mtoto kwa vyombo. Kilichoonekana ni kwamba waliozimiwa, 22 katika kila 100 walibaki na uchungu usiotulizwa vya kutosha, na walioendelea na dawa walikuwa 6 katika 100. Kisha mwaka 2017 yakatoka matokeo ya jaribio lililofanywa China kwa wanawake 400 wa uzazi wa kwanza. Walipofika kusukuma, nusu yao waliendelea na dawa nyepesi, nusu wakatiwa maji ya chumvi matupu, na si mama wala waliomhudumia aliyejua nani kapata nini. Wenye dawa walichukua dakika 52 kwa wastani, wa maji ya chumvi dakika 51. Dakika moja, mwanangu. Na waliotiwa maji ndio walioridhika kidogo kuliko wenzao.

Wala mwenzako hakuwa dhaifu. Mwanamke asiye na ganzi uchungu humpanda hatua kwa hatua, na mwili wake huuzoea kadiri unavyokuja. Aliyepumzika saa kadhaa kisha akazimiwa, humjia wa mwisho bila ya kuupitia wa katikati. Hapo ndipo mtu hushika kitanda, akakaza mapaja, akapanda juu badala ya kusukuma chini. Nimewaona wakipoteza nguvu zao kwa kupigana na uchungu mpya wakati kichwa cha mtoto kiko karibu kabisa.

Kitu ambacho epidurali hukupunguzia kweli ni kujua kila uchungu mmoja, yaani kila tumbo likikaza, unaanza wakati gani. Kwa hivyo pale hutegemei dawa tu, wategemea mkono wa mkunga. Nikueleze unavyofanya kazi, ili uutambue ukiona na uuombe usipouona. Kiganja hulazwa juu ya tumbo, pale juu kabisa chini ya kifua, vidole vimetulia. Tumbo likiwa limepumzika hubonyea. Uchungu ukianza husikia chini ya kiganja panakaza, pole pole, mpaka panakuwa pagumu kama paji la uso. Hapo ndipo mkunga akwambie: vuta pumzi, kidevu kifuani, sukuma kwenda chini kama uendaye chooni, si kwa shingo wala kwa mashavu. Uchungu mmoja waweza kukupa misukumo miwili au mitatu. Pakilegea, acha. Pumua, nywa maji tama moja, funga macho. Mwanamke mwenye ganzi aliyeongozwa hivi husukuma vizuri sana, na mara nyingine vizuri kuliko asiye nayo, kwa sababu anasikia anachoambiwa.

Kibofu pia kikumbukwe. Ukiwa na ganzi hutajua kimejaa, na kibofu kilichojaa humzuia mtoto kushuka. Kabla ya kusukuma, wakutoe mkojo kwa mpira. Ni jambo dogo, husahauliwa usiku zamu ikiwa na kazi nyingi.

Mlalo nao. Shangazi atakwambia uchuchumae, na kwa asiye na ganzi hana makosa. Lakini kwa aliye na epidurali nyepesi, Waingereza walijaribu hilo kwa wanawake zaidi ya 3,000 wa uzazi wa kwanza katika hospitali 41, matokeo yakatoka 2017: waliolala kwa ubavu, 41 katika 100 walizaa wenyewe bila chombo wala kisu, na waliokaa wima walikuwa 35. Basi lala ubavu, mguu wa juu ushikwe na mumeo au na mimi. Na wakikwambia ungoje saa nzima bila kusukuma ili mtoto ashuke mwenyewe, uliza kwa nini. Marekani walilipima hilo pia, matokeo ya 2018, wanawake zaidi ya 2,400: waliosukuma papo hapo na waliongoja walizaa wenyewe sawasawa, kama 86 katika 100, lakini waliongoja walitokwa na damu nyingi zaidi na maambukizi yalikuwa mengi zaidi. Mimi kwa fikra zangu, mtoto akiwa chini nawe wausikia mgandamizo, anza.

Nije kwenye thawabu. Thawabu Mungu ndiye aijuaye. Lakini Bi Maryam mwenyewe, uchungu ulipompeleka kwenye shina la mtende, alisema laiti angekufa kabla ya hayo, na hakukaripiwa kwa kusema. Aliambiwa asihuzunike. Alipewa kijito chini yake na tende mbivu, akaambiwa ale, anywe, atulie. Sioni wapi tuliagizwa kumnyima mzazi nafuu iliyopo. Nyinyi wote niliwazaa bila ganzi, kwa sababu haikuwapo nilipokuwa, na sijapata kuona kwamba nawapenda zaidi ya mama aliyepata. Mwambie shangazi kwa adabu, ni mtu mzima na anakutakia heri. Mwambie mamangu amesema daktari ataamua, yatosha.

Madhara usifichwe. Presha yaweza kushuka, ndiyo maana utatiwa dripu na kupimwa presha kila baada ya dakika chache mara tu dawa inapoingia. Mwili waweza kuwasha, ukatetemeka, joto likapanda, na joto likipanda mtoto naye huangaliwa zaidi akizaliwa. Kama mwanamke mmoja katika 100 hupata kichwa kikali siku zinazofuata, akikaa kinauma, akilala kinapoa. Hicho kina tiba, usikivumilie nyumbani ukidhani ni uchovu wa uzazi. Mgongo utauma siku chache pale ilipoingia sindano, lakini maumivu ya mgongo ya kudumu, ambayo kila mtu hapa mtaani huyasingizia sindano, tafiti hazikuyapata kwa walioiwekewa zaidi ya wasioiwekewa. Mimba na kubeba mtoto yatosha kuuchosha mgongo. Kuna wasiofaa kuiwekewa kabisa: mwenye damu isiyoganda vizuri, anayetumia dawa za kuyeyusha damu, mwenye usaha au ugonjwa wa ngozi pale mgongoni. Na faida moja husahauliwa: ikilazimu kupasuliwa, au kondo likigoma, au ukichanika pakashonwa, mpira tayari upo. Daktari huongeza dawa yenye nguvu, na mara nyingi waepuka nusukaputi ya kulazwa usingizi, wamuona mwanao akitoka.

Hayo yote ni maneno tu kama hospitali haina mtu. Hapa Mombasa usiulize kwanza kama wanatoa epidurali, kila mtu atakwambia ndiyo. Uliza hivi: nikija saa nane usiku wa Jumapili, daktari wa ganzi yuko ndani ya jengo au yuko kwake analala? Akiwa kwake, huchukua muda gani kufika? Mwenye kuiweka ndiye anayeiangalia, ndiye anayeamua kupunguza au kuongeza, na mkunga hana budi kumpata kwa simu. Coast General, hospitali kubwa ya serikali, ina wakunga ninaowaheshimu mno, lakini madaktari wa ganzi nchini ni wachache, na hao waliopo huitwa kwanza kwenye upasuaji wa dharura, jambo ambalo ni haki. Kwa hivyo ukiitaka epidurali, wengi hulazimika kwenda hospitali ya kulipia. Muulize daktari wako na bima yako kwa maandishi kama dawa hiyo na malipo ya daktari wa ganzi yamo, usingoje kujua kaunta. Na ikiwa siku ile haikupatikana, usiingie na hofu. Kuna sindano ya pethidini ya kutuliza uchungu, ingawa ikidungwa karibu na kuzaa humfanya mtoto mzito wa kupumua. Kuna maji moto, kuna kusuguliwa kiuno, kuna mtu wako kando yako tangu mwanzo hadi mwisho, na hilo la mwisho lina nguvu kuliko watu wanavyolidhania. Nitakuwapo.

Haya yaandike kwenye kitabu chako cha kliniki, kwa kalamu, uwaoneshe mapema si ukiwa umeshashikwa: nataka dawa nyepesi, isizimwe wakati wa kusukuma bila ya kuniambia sababu, niongozwe kwa mkono juu ya tumbo, nilale ubavu. Mumeo ayajue kwa moyo, maana wewe hutakuwa na hamu ya kusema.

Njoo usingoje mwezi wa mwisho. Shuka Miritini, kakako atakupokea kwa gari mpitie Dongo Kundu, usihangaike na feri na mizigo. Lakini wiki mbili za mwisho hutakaa nasi Likoni. Utakaa kwa mamako mdogo Majengo, uwe upande wa kisiwani, maana sitaki uchungu ukushike usiku feri iko ng'ambo na barabara ya Dongo Kundu ni mzunguko mrefu. Nimeshazungumza naye, amekubali, na chumba cha chini kina choo. Arobaini utaifanya kwetu, maji ya kukukanda nitayachemsha mimi. Ukiwa na jibu la daktari kuhusu lile suali la saa nane usiku, nipigie siku hiyo hiyo, hata kama ni usiku.

Mamako