Zimua Kwanza, Ndipo Uusome Mlima wa O–H

Mpwa wangu kaja likizo na karatasi moja mkononi, akanikuta barazani kwetu Mkomani, hapa Lamu, baada ya alasiri. "Shikamoo mjomba. Hebu nitazamie. Mwalimu kasema haijatosha, na mimi sioni nilichokosa."

Ilikuwa spektra ya infraredi ya ethanoli, yaani mchoro wa jinsi ethanoli inavyofyonza mwanga wa infraredi. (Mama, aliyekuwa akipita na buli la kahawa, alisikia neno alkoholi akaguna. Hadi leo haamini kuwa naipima tu.) Kwenye mawimbi 3340 hivi kwa kila sentimita palikuwa na mlima mpana kama tumbo la jahazi, na chini yake kaandika: "Mtetemo wa O–H." Basi.

O–H ni kifungo cha oksijeni na haidrojeni, na alichoandika si uongo. Ila ile si O–H iliyo peke yake, ni O–H iliyoshikwa na jirani. Ndani ya ethanoli, haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya molekuli ya pili. Ikivutwa, kifungo chake cha nyumbani hulegea kidogo, na kilicholegea hutetema polepole zaidi, ndiyo maana kilele kimeshuka hadi namba ndogo zaidi. Upana nao una sababu yake. Tazama mashua zilizofungwa ubavu kwa ubavu gatini wakati wa kusi: kila moja na urefu wa kamba yake, kila moja inayumba kwa mwendo wake. Molekuli ni vivyo hivyo. Hakuna mbili zilizoshikana sawasawa, kwa hiyo badala ya mstari mmoja unapata mistari tele iliyolaliana.

Nilimwambia azimue. Tone la ethanoli ndani ya tetrakloridi ya kaboni, tena chini ya feni ya kutoa hewa, maana hiyo ni sumu ya ini. Haina haidrojeni ya kumpa mtu. Tumia seli (kichombo cha sampuli) ndefu zaidi, kwani kilichomo ni kidogo. Utauona mlima wa 3340 ukinywea, na karibu na 3630 kikichomoza kilele chembamba kama sindano ya kofia. Hiyo ndiyo O–H huru. Vilele vya C–H, yaani kaboni na haidrojeni, huko 2900 na kitu, hubaki karibu pale pale, nawe utajua si mashine iliyohama.

Na ukiona kilele chenye kichwa bapa, usikisome kabisa. Sampuli ni nene mno.

Kosa langu mimi lilikuwa baya kuliko lake. Mwaka wa mwisho chuoni niliandika kurasa mbili nikisifu nguvu ya vifungo vya haidrojeni, huko kushikana na jirani, katika ethanoli yangu, na chupa ilikuwa imefunguliwa miezi. Kulikuwa na kinundu karibu na 1640, nikakiruka. Ethanoli safi haina kitu hapo. Ni maji yanayokunja pembe yake. Nusu ya nilichokisifu kilikuwa unyevu wa hewa. Siku hizi nachungulia 1640 kabla sijatazama pengine popote.

"Maji yaingie kwenye chupa iliyofungwa, mjomba?"

Nikamwonyesha kidakani. Pale niliweka vioo viwili vya zamani vya kushikia sampuli, ambavyo ni fuwele za chumvi hii hii ya jikoni. Nilipovileta vilikuwa angavu. Wiki moja ya hewa ya Lamu, vimekuwa vyeupe kama jicho lenye mtoto wa jicho. Akakigusa kimoja, kidole kikatoka kimelowa.