Acha mpingo, shika mzeituni

Mwanangu, salama? Huku wote wazima, mama yako anakusalimia. Umeniuliza kwenye meseji kama kiko cha tumbaku kinaweza kutengenezwa kwa mbao za hapa nchini, maana kuagiza mzizi wa briari, ule mti wa kuchongea viko, toka Ulaya ni ghali na mteja wako ameng'ang'ania viko vya mkono. Kinaweza kabisa, ila hilo wazo lako la mpingo liache.

Najua unang'aa na watalii wanaupenda, lakini kiko sio kinyago, mle ndani kuna moto. Mpingo una mafuta, vumbi lake linawasha ngozi na kifua, na magogo mengi yana nyufa moyoni ambazo huzioni mpaka joto lizifungue. Utumie kwa pete tu, pale mrija unapoingia shingoni, hapo utapendeza kweli.

Briari inasifiwa kwasababu ni ule uvimbe ulioko kati ya shina na mizizi, nyuzi zake zimesokotana hazina mkondo mmoja, ndio maana haipasuki ovyo. Jamii ya mti huo ipo hata Kilimanjaro huko juu ya msitu lakini ni hifadhi, usithubutu hata kumtuma mtu. Wakati wa vita vya pili Wamarekani walikosa briari ya Mediterania wakachimba uvimbe wa vichaka vya milima ya North Carolina, na viko vikatoka. Kwahiyo hauhitaji jina la mti, unahitaji mti mgumu, nyuzi zilizobana, usio na utomvu.

Mimi ningeshika mzeituni mwitu. Wamaasai wanauita oloirien, na vijinga vyake ndivyo wanavyofukizia vibuyu vya maziwa, yaani moshi wake watu wanaujua mdomoni toka zamani. Mpera nao sio mbaya. Mkorosho hapana, utomvu wake unaunguza, na mbao yoyote iliyopigwa dawa usiiguse kabisa, mtu atavuta ile dawa.

Sasa hapa ndio pa kutulia mama. Kata vipande, ncha zipake nta, weka kivulini, kila wiki kipime kimoja kwenye mzani wa jikoni uandike uzito. Siku uzito umegoma kushuka wiki kadhaa mfululizo ndio kimekauka, hata mteja apige simu mara ngapi usikiguse kabla. Toboa kwanza ndipo uchonge nje, maana kipande kikiwa bado cha mraba kinakaa vizuri kwenye jiliwa. Bakuli, yaani shimo la tumbaku, keekee ya milimita 19 au 20, njia ya moshi 4, na lazima itokee chini kabisa ya bakuli, ikitokea juu kidogo tumbaku ya chini inabaki mbichi na maji yanajaa. Ukuta usipungue milimita 7, kwa mbao zetu hizi hata 9 sio nyingi.

Ndani usipake vanishi hata tone. Changanya unga wa mkaa uliochekechwa na mtindi, paka nyembamba, acha ikauke siku kadhaa, hiyo ndio ngao ya mbao mpaka masizi yashike yenyewe. Nje nta ya nyuki inatosha. Mrija chonga wa pembe ya ng'ombe.

Na vaa barakoa ukipiga msasa, nimeshakwambia.

Nina gogo la mzeituni limekaa stoo miaka, nitalipasua nikutumie vipande kwa basi la Ijumaa, ukipokea nipigie kabla hujatoboa.

Baba