Maswali na majibu: Ruzuku imeleta nini hasa?

Barua za mwezi huu karibu zote zinahusu jambo moja: kampuni za teknolojia ya tabianchi zinazopokea fedha za wafadhili, na namna ya kujua fedha hizo zimeleta nini. Nimechagua chache.

Tulipewa ruzuku miaka mitatu iliyopita na mauzo yamepanda mara tatu. Mfadhili anataka tuandike kwamba ukuaji huo umetokana na ruzuku yake. Tuandike?

Msiandike. Andikeni kwamba mauzo yamepanda mara tatu, basi. Kwamba yamepanda kwa sababu ya ruzuku ni dai jingine, nalo linahitaji ushahidi wake. Huenda bei ya vifaa imeshuka kwa kila mtu, na washindani wenu ambao hawakupata hata senti nao wanauza zaidi. Halafu wafadhili hupenda kampuni ambazo tayari zina dalili za kukua. Ukilinganisha zilizopata na kampuni yoyote tu iliyoko sokoni, unapima jicho la aliyechagua, hupimi fedha.

Jibu liko kwa walionyimwa. Kila mfadhili makini ana karatasi ya alama: waombaji wamepangwa wa kwanza hadi wa mwisho, na mstari umepigwa pale fedha zilipoishia. Aliye juu kidogo ya mstari na aliye chini yake kidogo hawapishani sana, ila mmoja kapata na mwingine kakosa. Fuatilieni wote wawili. Mtafiti Sabrina Howell alifanya hivyo kwa ruzuku za Wizara ya Nishati ya Marekani na kuchapisha matokeo mwaka 2017. Ruzuku ndogo ya mwanzo, takriban dola 150,000, ilikaribia kuongeza maradufu uwezekano wa kampuni kupata mtaji wa wawekezaji, kutoka asilimia 10 hadi 19. Ruzuku ya awamu ya pili, takriban dola milioni 1, haikuleta tofauti ya maana katika mtaji huo. Hata hivyo, bado kuna mashirika yanayopima ubora wa mpango wao kwa ukubwa wa hundi.

Maofisa wa miradi mnaonisoma, nawaomba sana: msitupe orodha ya walionyimwa. Ikishapotea, hakuna mtathmini atakayeweza kuirudisha.

Tumefundisha mamia ya wajasiriamali na kusambaza maelfu ya taa za jua. Hiyo si athari?

Hiyo ni kazi mliyoifanya. Swali hili nimeshalijibu mara nyingi mno. Onyesheni kilichobadilika kwa waliofundishwa na kwa waliopata taa, ndipo tuzungumze athari.

Majiko banifu tuliyouza tunayazidisha kwa tani za hewa ukaa zilizoandikwa kwenye hati ya mradi. Hesabu hii inatosha?

Haitoshi, na hesabu za namna hii zimeshaitia sekta nzima doa. Hati ya mradi inachukulia kwamba jiko lililouzwa linawashwa kila siku na la zamani limetupwa. Ingieni jikoni mwone. Jiko jipya liko pembeni limepangiwa masufuria, na majivu ya moto yako kwenye mafiga. Au yote mawili yanawaka kwa pamoja, maana jiko jipya linabeba sufuria moja tu na walaji ni wengi.

Huko Orissa, India, watafiti Rema Hanna, Esther Duflo na Michael Greenstone walifuatilia kaya zilizopewa majiko bora kwa muda wa hadi miaka minne. Moshi waliovuta wapishi ulipungua mwaka wa kwanza, kisha tofauti ikapotea, kwa sababu majiko hayakutumiwa ipasavyo wala kukarabatiwa. Gesi joto hazikupungua. Mwaka 2024 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walichapisha uchambuzi wa miradi ya majiko inayouza hati za kaboni, yaani vyeti vya tani za hewa ukaa zinazodaiwa kupunguzwa. Walikuta kwamba hati zilizotolewa ni takriban mara tisa ya upunguzaji walioukadiria wao. Sababu moja ni makadirio ya juu ya matumizi. Nyingine ni kudhani kwamba sehemu kubwa mno ya kuni hukatwa bila miti kuota tena.

Basi pimeni matumizi. Kihisi joto kidogo kikifungwa kwenye jiko kitaeleza liliwashwa lini na kwa muda gani. Dodoso peke yake halitawaambia, kwa kuwa mtu aliyepewa jiko huona haya kumwambia aliyempa kwamba halitumii. Kihisi kingine kifungwe kwenye jiko la zamani. Hilo husahauliwa mno.

Wafadhili watatu wameichangia kampuni moja, na kila mmoja anadai tani zote za hewa ukaa zilizopunguzwa. Nani yuko sahihi?

Hakuna. Gawaneni kwa uwiano wa fedha mlizotoa, mkijua kwamba huo ni utaratibu wa mahesabu tu na hauthibitishi nani alisababisha nini. Kama tani hizohizo zimeshauzwa kwa hati za kaboni, semeni mlichangia, msizihesabu tena.

Je, kiasi cha fedha kinachotolewa si kipimo tosha?

Ni kipimo cha fedha. Mwaka 2009, kwenye mkutano wa tabianchi huko Copenhagen, nchi tajiri ziliahidi kuzifikishia nchi zinazoendelea dola bilioni 100 kwa mwaka ifikapo 2020. OECD, shirika la ushirikiano wa kiuchumi ambalo wanachama wake wengi ni nchi tajiri, ikatangaza kwamba lengo lilifikiwa mwaka 2022, kwa dola bilioni 115.9. Ndani yake mikopo imehesabiwa kwa thamani yake yote, ingawa mkopaji atairudisha. Jumla hiyo haisemi lolote kuhusu kilichojengwa.

Kampuni tuliyoifadhili imefungwa. Tuandike hasara?

Msikimbilie huko. Ruzuku ipo kwa ajili ya hatari ambayo benki haiigusi, na kama hakuna hata kampuni moja inayokufa mikononi mwenu, huenda mmekuwa mkiwapa ruzuku wasioihitaji. Ulizeni mafundi wake wameenda wapi, na kama usanifu wake unatumiwa na mwingine.

Lakini chunguzeni pia bei. Kama ruzuku ndiyo iliyoshusha bei ya bidhaa hadi nusu, wauzaji waliokuwa wakiuza kwa bei kamili wamepoteza wateja, na fedha zilipokwisha soko limebaki halina mfadhiliwa wala wao. Tathmini chache sana humhoji mfanyabiashara aliyefunga duka kwa sababu ya mradi. Mtafuteni huyo. Madhara yake ni sehemu ya athari yenu.

Mimi ni mtathmini. Mteja anataka niondoe ukurasa unaoonyesha vifaa vingi vimeharibika. Nifanyeje?

Usiuondoe. Mpe nafasi ya kuandika maelezo yake, yachapishwe pamoja na ripoti. Kampuni inayofuata inauhitaji ukurasa huo kuliko mwingine wowote: kilichoharibika ni betri, chaja au waya? Baada ya miezi mingapi? Vipuri vilipatikana kwa nani? Kama majibu hayo hayamo, rudi uyatafute kabla hujakabidhi kazi.